Nusu ya Kichwa cha Imakulata

Pale Itetemia, nje kidogo ya mji wa Tabora, watu waliijua Jumamosi kwa kichwa cha Imakulata. Jumamosi jioni mtoto huyo wa miaka saba alionekana uwanjani, upande wa kulia nywele zimesukwa mistari minne safi, upande wa kushoto zimesimama kama zilivyoamka. Jumapili alikwenda misa amefungwa kitambaa kichwa kizima, na baada ya misa, mama yake akishalala kidogo, ndipo upande wa pili ulisukwa. Wanawake walicheka. "Mtoto huyu ana mama wawili, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto?" Leonia, mama mwenyewe, alicheka pamoja nao. Afanyeje? Akinuna watacheka zaidi.

Hawakujua kilichokuwa kikitokea mikononi mwake. Kusuka ni kuinua mikono na kuiacha juu. Mstari wa nne ulipokwisha, mikono ya Leonia ilitetemeka na moyo ulimdunda kana kwamba ametoka mbio stesheni. Angejilazimisha mstari wa tano, kesho asingeinuka kitandani hata kwa kumwagiwa maji. Alikwisha kujaribu. Uchovu wake ulikuwa na tabia mbaya: haukumwangukia mtu siku ile ile aliyojichosha. Ulimngoja siku moja, siku mbili, mpaka watu wamekwisha kusahau kwamba alifanya kazi, kisha ukamlaza chali mbele yao wote, aonekane amelala bila sababu.

Hakuzaliwa hivyo. Aliolewa kutoka Lusu, kule Nzega, msichana wa kukata matuta kumi kabla jua halijawaka. Mwaka ule vita ya Hitla ilipokwisha, Imakulata akiwa bado ananyonya, ilipita homa. Wengi waliugua juma moja wakainuka. Leonia naye aliinuka, ila nguvu zake hazikuinuka naye. Alilala usiku kucha na kuamka kama aliyebeba mzigo usiku kucha. Maneno yalimpotea mdomoni. Akifua nguo asubuhi, kesho hakuweza kusonga ugali.

Kwanza walisema ni malale. Miaka hiyo, katika nchi ile ya mapori na mbung'o, aliyesinzia mchana alinyoshewa kidole. Wakampeleka kituo cha dawa, wakampapasa shingo, wakamchoma sindano mgongoni. Mwezi mzima wa kungoja majibu majirani walimletea unga, na mama mkwe wake, Josepha, alimtekea maji kila asubuhi bila kunung'unika. Majibu yakaja kwamba hana malale. Leonia alifurahi njia nzima kutoka kituoni mpaka nyumbani. Alipofika akakuta ndoo imewekwa mlangoni, tupu, inamngoja yeye.

Nyumba yenyewe ilikuwa kando ya njia ya zamani ya misafara, na ukoo wa mume wake, Luhende, ulikuwa ukoo wa wapagazi. Babu yake Luhende alibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo na kurudi na majora ya nguo, mara tisa, na akafa na sugu begani kubwa kama ngumi. Wajukuu waliikumbuka sugu ile kuliko sura yake. Katika nyumba hiyo mtu aliaminiwa kwa alama aliyonayo mwilini, na Leonia hakuwa na alama. Hana homa, hana kidonda, wala hakukonda. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ungedhani wajukuu wa wapagazi, kuliko watu wote, wangelikumbuka neno hilo.

Halafu alikuwapo Shilinde. Pale Itetemia mashamba yalilimwa kwa zamu, majirani wakijipanga mstari mmoja, ngoma ikipigwa nyuma yao, majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo. Shilinde ndiye aliyekuwa mtunzi wa nyimbo za kulima, na kazi ya mtunzi ilikuwa kumsifu anayetangulia na kumuumbua anayebaki nyuma. Siku Leonia alipokaa kitako juu ya tuta lake, katikati ya mstari, Shilinde hakuwa na kinyongo naye. Alifanya kazi yake tu. Aliimba kwa Kinyamwezi, na maana yake ni hii:

Jembe la Leonia lina usingizi,
tuta la Leonia halina mwisho.

Wimbo ulipendwa, bahati mbaya ulikuwa mtamu. Msimu uliofuata uliimbwa mashambani na kisimani, na wachunga mbuzi wakaufikisha mbali. Siku moja Imakulata akaja nao nyumbani akiruka kwa mguu mmoja. Hakujua kwamba Leonia wa wimboni ndiye mama yake, maana yeye alimwita Mama tu. Leonia alimwacha auimbe mpaka mwisho.

Basi mwaka 1951 tumbo la Leonia likaanza kuvimba kwa chini, na damu ya mwezi ikakataa kukatika. Luhende akampakia kwenye baiskeli akampeleka hospitali mjini. Daktari Mzungu akampapasa, akasema maneno, na msaidizi wake, dresa mmoja Mmoravian aitwaye Silasi, akayageuza Kiswahili: tumboni mna uvimbe, lazima utolewe kwa kisu, damu imempungukia sana, na uchovu wote unatoka hapo. Uvimbe ukitoka, nguvu zitarudi.

"Mwambie daktari," Leonia alisema, "uchovu umeanza miaka sita iliyopita. Damu imeanza mwaka huu."

Silasi akasema. Daktari alikuwa amekwisha kugeukia beseni lake, ananawa mikono. Akatikisa kichwa kwa upole, akajibu kwa Kiswahili chake mwenyewe, "Ndiyo, ndiyo, mama. Nguvu itarudi."

Luhende alikuwa amesimama mlangoni, akayasikia hayo. Nisije nikamchora vibaya mtu huyu. Miaka sita alikuwa akiamka alfajiri na kuteka maji mwenyewe, giza bado, watu wasimwone. Lakini alichoka kuchekwa, na mama yake alikuwa anazeeka. Walipotoka barazani alizungumza akitazama gurudumu la baiskeli.

"Mama Imakulata, mimi nimesikia kwa masikio yangu. Daktari amesema nguvu zitarudi."

"Amesema."

"Zikirudi, yamekwisha, sitataja tena. Zisiporudi, utakwenda kupumzika kwenu Lusu. Mama amekwisha kusema, na wajomba pia. Mtoto atabaki hapa, yeye ni wa ukoo."

Kupumzika. Kila mtu alijua maana yake. Padre hakuruhusu talaka, basi mke aliyeshindikana alikwenda kupumzika, na mapumziko hayo hayakuwa na siku ya kurudi. Leonia akaitikia, akapanda nyuma ya baiskeli, na tangu saa hiyo hakuwa na ombi jingine kwa Mungu. Auawe kwa kisu au aponywe kwa kisu, bali asirudi kama alivyo.

Kisu chenyewe hakukiogopa. Hata, niseme ukweli, alikuwa na hamu. Watu walimsimulia usingizi wa dawa, mzito, usio na ndoto, mtu anapasuliwa na hana habari. Miaka sita alikuwa hajalala usingizi wa kumpumzisha. Asubuhi ile walipomlaza mezani, Silasi akamshikia juu ya pua kikombe cha waya kilichofunikwa kitambaa, Leonia alimtazama kama anayetazama sahani ya chakula.

"Wengine hunisihi niwaamshe," Silasi alisema. "Wewe unacheka?"

"Nina hamu ya kulala, dresa."

"Haya. Hesabu, mama. Pole pole."

Tone likaanguka kitambaani, na harufu tamu ya kuudhi ikamjaa kooni. Alihesabu kwa Kinyamwezi. Hakufika saba.

Usingizi wa dawa si usingizi, ni shimo. Mtu hutumbukizwa, kisha hutolewa, na humo ndani hamna hata dakika moja ya kupumzika. Wagonjwa wenzake waliopasuliwa siku ile waliamka mchana, wakaomba maji. Leonia hakuamka mchana wala jioni. Kulipopambazuka alianza kusikia: Josepha akisali rozari kando ya kitanda, ndoo ikiburutwa sakafuni, mtu akisema, "Huyu bado?" Alisikia vyote na hakuweza kufungua macho. Kope zilikuwa nzito, na ulimi, na vidole. Alipoyafungua hatimaye jua lilikuwa juu, na kabla hajahisi maumivu ya kidonda alijikagua mwili wake haraka, kama mtu apapasaye mfukoni. Uchovu ulikuwapo, pale pale ulipokuwa, umeongezeka. Mchana kutwa na usiku kucha amelala, na ameamka amechoka.

Machozi yakamtoka pembeni, yakaingia masikioni. Josepha akamfuta kwa kanga yake. "Pole, mwanangu. Kidonda kitapoa."

Saa tisa Luhende akaja. Alikuwa ameonyeshwa uvimbe kwenye beseni, mkubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, na alikuwa bado hajatulia. Akachuchumaa kando ya kitanda, akashika unyayo wa mke wake juu ya shuka, mbele ya mama yake na wodi nzima.

"Nimeuona," alisema. "Nimeuona kwa macho yangu. Ulikuwa unabeba kitu kile, na sisi tunakuimba. Nisamehe, Mama Imakulata."

Hakuwahi kumwomba msamaha tangu waoane. Leonia akamtazama mumewe anavyong'aa kwa furaha, akaliona neno la kweli limesimama mbele yake, akamwona na Imakulata nyuma ya neno hilo. Angesema nini? Wewe, msomaji, ungesema nini?

"Yamekwisha," alisema.

Siku ya kutolewa nyuzi Silasi alizikata moja moja mpaka zikaisha. Kisha akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, dawa ile nimewapa watu miaka kumi na mmoja. Wewe nilikupa matone machache kuliko bibi kizee, ukalala kuliko mlevi. Mwili wako una jambo ambalo kisu hakikulifikia. Jina lake silijui."

Leonia alimshika mkono. Miaka sita, na huyu ndiye wa kwanza. "Mwambie mume wangu. Yupo nje pale. Mwambie hivyo hivyo."

Silasi akatazama nje, akatazama mlango wa daktari. "Daktari ameandika umepona. Mimi ni dresa tu, mama." Akafungasha mkasi wake akaenda kitanda kingine. Alikuwa na watoto wa kulisha, simlaumu sana. Namlaumu kidogo.

Miezi mitatu iliyofuata ilikuwa miezi ya heshima. Daktari alikuwa amekataza jembe na ndoo, na safari hii Leonia alikuwa na alama. Wanawake walikuja kumjulia hali, akafungua kanga, akawaonyesha mshono kutoka kitovuni kwenda chini, wakashika mashavu yao. "Umepasuliwa, Leonia! Pole!" Mgonjwa haulizwi uji, aliletewa bila kuulizwa. Alilala alipotaka kulala. Na kwa kuwa alipumzika, kweli nafuu kidogo ilikuja. Jumamosi moja alisuka mistari mitano. Akaanza kutumaini kwamba labda daktari alijua, labda yeye ndiye mjinga. Mwezi mmoja mzima aliishi na labda hiyo.

Kisha kovu likafunga, na mvua za kwanza zikanyesha.

Josepha alikuwa amepika pombe ya mtama kwa nia njema kabisa. Walitaka kumshukuru Mungu, na kwao shukrani ilifanywa kwa jembe: waliwaita majirani wote kulima shamba la Luhende, na aliyepona atangulie mstari. Shilinde alikuja tangu alfajiri na ngoma yake. Alikuwa ameona haya kwa wimbo wa zamani, maskini, na hakulala akitunga wa kuufuta. Alimsalimu Leonia kwa mikono miwili, akaimba:

Daktari kapasua, katoa mzigo,
tangulia Leonia, sisi tukufuate.

Wote wakaitikia. Leonia akasimama mbele ya mstari na jembe mkononi, watu thelathini nyuma yake, na Imakulata pembeni ya shamba akipiga makofi, maana sasa alijua Leonia ni nani. Hapo mtu hukataa vipi? Tusi mtu huweza kulikalia kimya. Sifa ile haikumpa mahali pa kukaa.

Akalima. Tuta la kwanza lilikwenda. Katika la pili mikono ilianza kutetemeka, akaikaza. Katika la tatu shamba lilimzunguka, na mdundo wa ngoma aliusikia ndani ya meno. Hakukaa kitako. Alifika mwisho wa tuta akiwa wa kwanza, akaegemea mpini, na vigelegele vikapanda mpaka barabarani. Luhende akavua kofia yake. Nasema bila kuficha kwamba Leonia alikuwa na furaha saa ile, alijua atakachopata, na bado alikuwa na furaha.

Kesho yake aliamka. Kesho kutwa hakuamka.

Mara hii uchovu ulikuja na kila kitu chake. Hakuweza kushika kikombe. Mwanga wa mlangoni ulimchoma macho, sauti ya mchi ilimpiga kichwani. Juma likapita, majuma mawili, matatu. Majirani walikuja tena kuangalia kovu, wakaliona kavu, wakaondoka wakitazamana. Luhende alidhani kidonda kimefumuka kwa ndani, akampeleka hospitali amemfunga kwa kanga mgongoni mwake asidondoke kwenye baiskeli. Daktari akabonyeza kovu hapa na pale. "Safi kabisa," alisema.

Jioni hiyo Luhende aliketi ukingoni mwa kitanda. Josepha alikuwa jikoni na mtoto. Leonia akaona hakuna tena pa kujificha.

"Baba Imakulata, uvimbe umetoka. Uchovu haukutoka. Haukuwa mle."

Luhende akafungua kiganja chake, akakitazama. "Siku ile nilikuomba radhi. Ukasema yamekwisha."

"Niliogopa."

"Si malale." Alikunja kidole kimoja. "Si uvimbe." Akakunja cha pili. Alitafuta kidole cha tatu akakosa neno la kukipa, na sauti yake ilipotoka haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya huzuni, na hilo ndilo lililomwua Leonia. "Basi Shilinde alisema kweli."

Leonia akafumba macho. Hakuwa na la kuonyesha. Zamani watu waliweza angalau kudhani kuna kitu ndani yake; sasa ndani mwake mlifunguliwa na Wazungu, mkatazamwa, mkafagiliwa, mkashonwa. Walichomtolea hospitali ni shahidi wake wa mwisho.

Treni ya Mwanza ilikuwa inaondoka Jumapili asubuhi. Salamu zilikwisha kupelekwa kwa kaka yake, Marko, aje Bukene na mkokoteni wa ng'ombe ampokee, amfikishe Lusu. Leonia aliomba iwe treni ya baadaye katikati ya juma. Hakusema kwa nini. Luhende alisema Marko hawezi kungojeshwa akiwa na ng'ombe wa watu.

Jumamosi jioni alimwita Imakulata, akamweka katikati ya magoti yake, yeye mwenyewe ameegemea ukuta. Alisuka upande wa kulia. Mstari mmoja, akashusha mikono. Wa pili, akaishusha muda mrefu zaidi. Wa nne ulimchukua mpaka taa ikawashwa. Akajaribu kuuvuka utosi, aanze upande wa kushoto, na vidole vikateleza kwenye nywele kama si vyake. Akajaribu tena. Josepha, aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni, akasema taratibu, "Niachie mimi nimalizie, mwanangu." Na Imakulata akashika kichwa chake kwa mikono miwili.

"Hapana, bibi. Huku ni kwa kesho."

Asubuhi stesheni ilijaa watu. Luhende alimbeba mke wake mpaka ndani ya behewa, akamweka dirishani, akamwekea mtungi wa maji miguuni, akasimama bila kujua pa kuweka mikono. Imakulata alikuwa chini, amevaa kitambaa chake cha Jumapili. Alidhani mama anakwenda kupumzika, kama alivyoambiwa, na mtu akipumzika hurudi.

"Mama, misa ikiisha utakuwa umefika?"

"Bado, mwanangu."

Mtoto akafikiri. Akainua pembe ya kitambaa upande wa kushoto, akagusa nywele zilizosimama. "Na huku?"

Leonia akatoa mkono dirishani. Ulimfikia, ukalala juu ya nywele zile, haukuweza zaidi ya hapo. Filimbi ikapigwa.

"Nitakaa hivi hivi," Imakulata alisema. "Asinisuke mtu. Nitakungoja Jumapili."

Behewa likashtuka, likaanza kwenda, na mkono wa Leonia ukateleza kutoka kichwani mwa mtoto. Ilikuwa Jumapili, saa mbili na nusu asubuhi, na kengele ya misa ilikuwa bado haijalia.